Kitabu cha safari kianzie Mlali, si uwanja wa ndege

Watu wanaotaka kuandika kumbukumbu za safari zao hawakosekani nchini. Wamo walimu wastaafu waliohamishwa vituo vingi, madereva wa malori ya Tunduma, mabwana shamba waliopanda na kushuka milima kwa miguu, wauguzi wa zahanati za vijijini, wafanyabiashara waliofika Guangzhou kufuata mzigo. Wengi wao hawaandiki, na ukiwasikiliza vizuri utakuta sababu zao zinaishia mahali pamoja: wanangoja safari iliyo kubwa kuliko zile walizokwisha kuzifanya. Mmoja anangoja Hija, mwingine anangoja viza ya kwenda kumwona mtoto wake Marekani, wa tatu anasema atakuwa na la kueleza siku atakayopanda Kilimanjaro. Naona wanangoja kitu wasichokihitaji. Anayetaka kuanza kumbukumbu za safari na aanze na njia ya karibu, ile aliyoipita mara nyingi mpaka ameacha kuitazama. Nitautumia Morogoro, mji kasoro bahari, na milima yake ya Uluguru kuwa ushahidi, kwa sababu pale tunao mfano wa njia ambayo waliopita kwa haraka waliiandika na waliopita kila mara wakainyamazia.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alifika kwenye mji wenye ngome kando ya mto Ngerengere, chini ya Uluguru. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata anauita Simbamwenni. Mji ulijengwa na Kisabengo, na wakati ule ulikuwa mikononi mwa binti yake, Simbamwene. Stanley anaeleza kuta za mawe, minara minne kwenye pembe, na malango manne yenye milango ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi za Kiarabu. Ndio Morogoro ya kabla ya reli, na anayetaka kuijua leo hana budi kuomba njia kwenye kurasa za mwandishi wa gazeti la New York aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine. Sisemi alidanganya. Alichokiona ndicho kinachoonwa na mpita njia: ukuta, lango, na hongo ya njia aliyodaiwa. Simbamwene mwenyewe anajitokeza zaidi kama msumbufu wa kutoza misafara kuliko kama mtawala. Namna mwanamke yule alivyokikalia kiti cha baba yake katika nchi ya watu wanaohesabu ukoo kwa mama, waliomtii walikuwa akina nani, na misafara iliyolipa bila kelele ililipa kwa sababu gani, hayo hayamo, wala mtu wa haraka hakuwa na namna ya kuyajua.

Hata hivyo, katika habari zake zote za mji ule, sehemu ninayoiona ina thamani kuliko zote haitoki kwenye ile ziara ya kwanza. Inatoka mwaka 1872, aliporudi pwani kwa njia ileile wakati wa masika na kukuta mto umefurika, ukuta wa mbele wa mji umechukuliwa na maji pamoja na nyumba zipatazo hamsini. Mara ya kwanza alituchorea ngome. Mara ya pili ndipo tunapopata historia: kitu kilikuwapo, sasa hakipo, na maji yamepita hapa. Hakuwa ameongeza akili wala ufundi wa kalamu kati ya safari hizo mbili, isipokuwa alikuwa anaiona njia kwa mara ya pili. Ikiwa kurudi mara moja tu kulimfaa kiasi hicho mgeni asiyejua lugha za pale, mwenyeji aliyerudi mara mia ana kiasi gani kichwani?

Mtu wa namna hiyo alikuwapo kwenye msafara uleule. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto akafikishwa India kabla ya kurudi Zanzibar, alikuwa na Waingereza Burton na Speke mwaka 1857 walipopita njia ya kusini ya Uluguru, kwa Dutumi na Zungomero. Mwaka 1860 aliirudia njia hiyo pamoja na Speke na Grant. Mwaka 1871 alipita upande wa kaskazini na Stanley, akarudi naye mwaka uliofuata, na mwaka 1873 akapita tena upande huohuo na Cameron. Kwa maneno mengine, Bombay aliizunguka milima hii pande zote mbili, akauona ukuta wa Simbamwene ukiwa umesimama na ukiwa umekwenda na mto. Waajiri wake wamemtia kwenye vitabu vyao, wakimsifu siku ya neema na kumlaumu siku mzigo ulipopotea, na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikamtambua kwa pensheni. Yeye hakuacha kitabu. Katika karne nzima ya kumi na tisa sioni mtu aliyekuwa na haki zaidi ya kuandika kumbukumbu za njia ya Uluguru, na sauti yake tunaisikia kwa kuibiwa ndani ya sentensi za wengine.

Itasemwa kwamba Bombay hakuwa mtu wa kalamu, na kwamba kumbukumbu za safari ni jambo la Wazungu tulilolidandia juzi. La kwanza linaweza kuwa kweli kwa Bombay, ila si kweli kwa zama zake. Jacob Wainwright, Myao mwenzake aliyesomeshwa India, aliandika shajara ya ule msafara uliobeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo mwaka 1873 hadi Bagamoyo mwaka 1874. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko mzima wa watu wa pwani wakisimulia njia zao kwa lugha yao. Kwa hiyo fani hii kwa Kiswahili ina zaidi ya miaka 120, na tunaiogopa kama kwamba hatukuikuta nyumbani.

Utazame mwanzo wa kitabu cha Tippu Tip, maana pale kuna somo ambalo wanaosubiri viza hawajaliona. Mtu huyu alivuka nusu ya bara, alifika Kongo na kutawala huko, akakutana na Livingstone, Cameron na Stanley. Angeweza kuanza na lolote kati ya hayo. Anaanza na safari za karibu alizofanya akiwa na umri wa miaka 12, akifanya biashara ya sandarusi pamoja na jamaa zake. Hazungumzii mawio ya jua wala moyo kumdunda. Anataja bidhaa, ndugu, na safari fupi, na kutoka hapo anapanuka kidogo kidogo hadi Manyema. Kitabu chake kina ubaya wake mkubwa: kinahesabu frasila za pembe kwa uangalifu wa karani na kinawapita kimyakimya watu walioziinua pembe hizo, wengi wao watumwa. Yeyote anayemfuata kwa namna ya kuanza asimfuate katika hilo. Usisafirie nyota ya mwenzio, hata kama mwenzio alijua kusafiri.

Ndani ya mkusanyiko wa Velten kuna ushahidi ulio karibu zaidi na Morogoro. Selim bin Abakari anasimulia safari ya Urusi na Siberia aliyoifanya mwaka 1896 akiwa na Mjerumani aliyemtumikia. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo anasimulia safari ya Udoe hadi Uzigua, nchi ambayo kwa mtu wa Bagamoyo ni bara ya jirani tu, na ambayo kwa upande mmoja inagusana na Morogoro ya leo. Ukizisoma pamoja, Siberia inakushangaza, na mshangao unakwisha. Udoe ya Mtoro haishangazi kwa umbali wake, lakini inajibu maswali: jirani wanaishije, wanaogopa nini, mgeni anapokewaje. Mtoro alikuwa na kipimo. Alijua pwani vya kutosha kuona ni wapi bara inatofautiana nayo, na alijua bara vya kutosha kutoiogopa. Selim naye alikuwa hodari, lakini kila alichokiona kilikuwa cha kwanza na cha mwisho.

Kuna jambo jingine kuhusu waandishi hao ambalo halisemwi sana. Waliulizwa. Velten alikuwa na haja ya matini ya Kiswahili, na Brode alitaka habari za Tippu Tip. Bila shaka wapo wasafiri wengine wengi ambao hawakuulizwa na mtu, wakafa na habari zao. Swali la mgeni ndilo lililofungua kalamu, na swali la mgeni ndilo lililoipinda, kwa sababu Mjerumani aliyeuliza alipenda kusikia mila na desturi, na majibu yakaelekea huko. Sisi tumebaki na salamu. Msafiri akiingia nyumbani huulizwa habari za safari, naye hujibu nzuri, na mlango unafungwa hapo. Wachache huongeza ‘ila tu’, na hapo ndipo wenye masikio husogeza viti. Nadhani anayetaka kuanza kuandika ajitafutie mtu mmoja wa kumuuliza, mjukuu, jirani au mhariri, asiyeridhika na nzuri. Mtu huyo akiwa anaijua njia yenyewe ni bora zaidi, kwa sababu hatakubali kudanganywa.

Kikwazo kingine kilitengenezwa darasani. Vizazi kadhaa vimefundishwa kuandika insha ya safari, na kwa mtoto wa Morogoro insha hiyo mara nyingi ilikuwa ya mbuga ya Mikumi. Inaanza alfajiri na mapema, jogoo wakiwika. Basi linafika, wanafunzi wanaimba. Wanyama wanatajwa kwa mpango wa ukubwa, tembo kwanza. Chakula kinaliwa. Jioni wote wanarudi wakiwa wamechoka lakini wamefurahi sana. Mwalimu anatoa alama kwa mwandiko na methali. Hakuna kilichoharibika kwenye safari hiyo, hakuna aliyekosa nauli, hakuna aliyetapika Doma. Mtu mzima anapokaa na kalamu akiwa na miaka 60, insha ile ndiyo inayomjia mkononi bila kuitwa, naye akiona haifanani na maisha yake anahitimisha kwamba hana kipaji. Kipaji anacho, amefundishwa tu kwamba safari ni tukio la siku moja lenye mwanzo mzuri na mwisho mzuri. Njia ya kila wiki haikubali kuandikwa hivyo, na ndiyo maana naipendekeza: inakulazimisha kutafuta mpangilio wako.

Chukua njia ya Mgeta. Kutoka mjini unapita Mzumbe, unafika Mlali, na baada ya hapo barabara inaanza kupanda kuelekea Langali na Nyandira. Anayepita mara ya kwanza ataandika ukungu, ukijani na baridi, na atakuwa amesema kweli, isipokuwa hayo yako kwenye kila kipeperushi cha utalii. Anayepanda kila wiki ana mambo mengine. Anajua kwamba gari linaloshuka ni la kabeji, njegere na tenga za nyanya, na abiria ndio wanaojibana pembezoni mwa mzigo. Anajua kwamba utingo hakai. Ananing’inia nyuma na gogo mkononi, na gari likikata pumzi kwenye kilima chenye utelezi anaruka kulisukumia gogo chini ya tairi kabla halijaanza kurudi nyuma. Anajua gunia la lumbesa linavyofungwa kule juu, kamba zikishika kile kilichozidi mdomo wa gunia, na jinsi kiasi hichohicho kilichozidi kinavyogeuka faida ya mtu mwingine likifika sokoni. Anajua dereva yupi hupunguza mwendo akipita makaburi. Mwandishi akiandika gogo lile kwa uaminifu, yaani uzito wake, nani alilichonga, na siku lilipochelewa, tayari ana ukurasa wa kwanza, na ukurasa huo hauwezi kuandikwa na mtu aliyekodi gari kwenda kupiga picha.

Au chukua njia za miguu zinazoteremka kutoka vijiji vya Ruvuma na Towelo, juu ya mji, ambazo wanawake hushuka asubuhi na ndizi kichwani kuelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu na masoko mengine. Mtalii akikutana nao njiani akielekea Morningside huwapisha, huwapiga picha, kisha huandika juu ya nguvu za mwanamke wa Kiafrika. Jirani aliyeitumia njia hiyo miaka mingi ataandika jambo tofauti: nani ameacha kushuka tangu miguu ilipomshinda, bodaboda imefika kona ipi na kuanzia hapo mzigo unalipiwa kiasi gani, mvua ya mwaka gani ilihamisha njia. Hayo nayaita kumbukumbu za safari kwa haki zote, ingawa hakuna aliyelala nje ya nyumba yake.

Upande wa mashariki, barabara ya kutoka Bigwa kwenda Kisaki inapita Kiroka, Mkuyuni, Matombo na Mvuha, na mbele yake iko Dutumi. Msafiri wa kawaida wa njia hii anapita, bila kuambiwa, juu ya tabaka za habari zisizo na kibao. Dutumi ndipo Burton na Speke walipolala homa mwaka 1857. Matombo ni misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu ya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na ndipo mwaka 1955 Waluguru walipokataa kazi ya kulazimishwa ya kukata matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, ikawa ghasia, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Serikali ya kikoloni iliyaona matuta kuwa dawa ya mmomonyoko. Wenye mashamba waliona jasho jingi na mavuno yasiyoongezeka, wakaona pia mkono wa serikali ukiingia kwenye ardhi ya koo. Mambo hayo yameandikwa na wasomi, kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili yamo vichwani mwa watu wanaopita pale kwenye viti vya basi, ambao walisikia kwa mama zao kilima kipi kilikatwa na kipi kiligoma. Kuyaandika ukiyapitia kwa mpangilio wa barabara, kijiji kwa kijiji, hakuhitaji shahada ya historia. Kunahitaji mtu aliyeuliza wakati gari limeharibika.

Sasa nije kwenye pingamizi lililo kubwa, kwamba hakuna atakayesoma habari za Mlali. Wasomaji, wanasema, wanataka mbali, na hapa ushahidi wao si mdogo. Martin Kayamba, Mbondei aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu kuunganishwa kwa Afrika Mashariki, alitoa kitabu cha Kiswahili juu ya safari hiyo mwaka uliofuata. Mbaraka Mwinshehe alipokwenda Osaka na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya mwaka 1970, alirudi na wimbo wa Expo 70, na safari ya watu wachache ikawa ya kila mwenye redio. Nakubali kwamba mbali kuna utamu wake. Lakini wimbo una dakika chache na unaweza kuishi kwa mshangao. Kitabu cha kurasa 200 hakiwezi. Wala Osaka isingeingia masikioni mwa watu wa Morogoro kama mwimbaji asingekuwa mtu waliyejua alikotoka, waliyekuwa wakimcheza Jumamosi. Asiyejifunza kutazama Mlali ataitazama Osaka kwa macho ya kipeperushi.

Isitoshe, Mlali na Mgeta si mbali na wasomaji kama inavyodhaniwa. Mto Ruvu unaokusanya maji ya Uluguru ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, na mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilipochelewa na mto ukapungua, mamilioni ya watu wa jijini walipangiwa mgawo wa maji. Wengi wao hawakuweza kutaja hata kijiji kimoja kilicho juu ya chanzo. Kabeji waliyoila jioni hiyo yaweza kuwa imeteremka na lile gari la gogo. Msomaji anayekunywa maji ya mlima na kula mboga yake ana sababu ya kusoma njia yake, akipata wa kumwandikia.

Pingamizi la kumbukumbu zenyewe, kwamba mtu amesahau na hakuandika shajara, ni jepesi kwa njia ya karibu kuliko kwa safari nyingine yoyote. Aliyekwenda Siberia mara moja akisahau, amesahau. Aliyesahau nauli ya Matombo ya mwaka 1998 anaweza kumuuliza kondakta mstaafu, na wakibishana, ubishi wenyewe ni sehemu ya kitabu. Simu zetu zimejaa picha zenye tarehe na ujumbe wa miamala ya pesa. Kwa mwandishi ni shajara ambayo hakujua anaitunza. La kujikweza nalo, kwamba mtu mzima hajiandiki, linapungua makali mwandishi anapoifanya barabara kuwa mhusika mkuu na yeye kuwa abiria mmojawapo.

Pingamizi linalonipa taabu ni la haki za watu wanaoandikwa. Burton aliandika maneno mazito na ya dharau juu ya watu wa Ukutu, nchi ya Dutumi na Zungomero, naye alijua hatakaa nao tena kwenye jamvi moja. Mwandishi wa njia ya karibu ataonana na watu wake wiki ijayo. Hilo linamfunza adabu, na naliona kuwa faida: hatamgeuza mama wa ndizi kuwa pambo, kwa sababu mama huyo ana mtoto anayesoma gazeti. Lakini lina hatari yake. Mtu anayehofia kunyimwa kiti ataandika kwamba madereva wote ni waungwana na machifu wote walipendwa, na hapo tumerudi kwenye insha ya Mikumi. Sina dawa kamili ya hili. Naona tu kwamba majina yanaweza kubadilishwa pale habari inapoweza kumdhuru mtu mdogo, na yasibadilishwe kwa wenye madaraka waliotenda hadharani. Na kwamba kumsomea mtu ukurasa unaomhusu kabla ya kuuchapisha hakumnyimi mwandishi uhuru, mradi amemsomea ili kurekebisha ukweli, si kuomba ruhusa ya kuusema. Waluguru wana utani wao wa muda mrefu na makabila ya jirani, na anayeujua anajua pia kwamba ukweli mchungu hupita salama ukisemwa na mtu mwenye haki ya kuusema. Haki hiyo mwandishi huipata kwa kuipita njia.

Kuna na suala la muda. Reli ya kwanza ilifika Morogoro mwaka 1907, na kwa zaidi ya karne moja watu walipanda treni iliyosimama Soga, Ruvu, Kidugalo, Ngerengere na Mikese, kisha mabasi yakaja na Chalinze yake, madirishani mikono ya wauza korosho na mayai ya kuchemsha. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inawafikisha watu Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa chini ya saa mbili. Ni maendeleo na sina kinyongo nayo. Aliyekaa foleni ya Kibaha hatailaumu. Ila treni hiyo haioni Chalinze, na kuna watoto wanaozaliwa sasa ambao kwao kati ya Dar na Moro hakutakuwa na kitu. Wanaoijua njia ya zamani kwa miguu, kwa treni ya mkaa, kwa mabasi ya mbao, bado wapo, na wengi wamepita umri wa kuambiwa wangoje safari kubwa.

Kuhusu wachapishaji sitakaa sana, maana malalamiko yanajulikana. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2023 kwa riwaya na ushairi; kumbukumbu za safari hazikuwa na kiti. Waandaaji wakiongeza fani hii hawatapata hasara, kwani mtu asiyethubutu kujiita mtunzi wa riwaya anaweza kuthubutu kusema njia aliyoipita. Hata bila tuzo, magazeti bado yana kurasa za makala za mwisho wa wiki, na njia kama ya Kisaki inagawanyika yenyewe: Kiroka wiki hii, Mkuyuni wiki ijayo, Matombo kwa wiki mbili kwa sababu Matombo ina mengi. Nakala ziwekwe Maktaba ya Mkoa wa Morogoro, na vyuo vya Sokoine na Mzumbe, ambavyo kila mwaka hupeleka wanafunzi milimani na dodoso, viwatake waandike pia kurasa tano za njia waliyopitia kabla ya kufika kwenye kaya ya kwanza ya utafiti.